Mkwe mpya kwenye meza ya Pasaka ya Kiyahudi

"Dada, nisaidie kabla sijaaibika. Mimi ni Mbondei Mkristo, mzaliwa wa Muheza, Tanga, sasa nafanya kazi ya uuguzi karibu na Philadelphia, Marekani. Mchumba wangu ni Myahudi. Ukoo wao wote, kuanzia bibi mpaka binamu wa California, hukutana kwa bibi kula chakula cha Pasaka, na safari hii nami nimealikwa. Nasikia watu wanakaa mezani mpaka usiku wa manane na kuna kitabu cha kusoma. Nibebe nini? Nivae nini? Niingie jikoni au nikae? Nimefikiria kupika pilau na mandazi waone kwamba nimelelewa. Mchumba kila nikimuuliza ananiambia nisijali."

Mdogo wangu, hongera kwa uchumba, na tuanze na hayo mandazi: yaache nyumbani. Yaache hata kama umeyapika kwa tui la nazi na iliki mpaka jirani akagonga mlango. Pasaka ya Kiyahudi ni kumbukumbu ya usiku ule wa kitabu cha Kutoka, Waisraeli walipoondoka Misri mbiombio hata unga wao haukuwahi kuumuka. Kwa hiyo kwa siku saba, au nane kwa wengi waishio nje ya Israeli, nyumba ya Myahudi anayeshika sikukuu haina mkate, haina hamira, haina bia, haina chochote cha ngano, shayiri na nafaka za ukoo huo kilichochacha. Nao hawaishii kutokula tu. Kabla ya sikukuu nyumba inageuzwa juu chini: kabati zinapanguswa, jokofu linaoshwa, mifuko ya makoti ya watoto inakung'utwa makombo ya biskuti. Usiku mmoja kabla ya Pasaka kuingia, wazazi na watoto wanapita vyumbani na mshumaa na unyoya wakisaka punje ya mwisho, na asubuhi yake walichokipata kinachomwa moto. Halafu jioni wewe uingie na beseni la mandazi. Ni sawa na kuingia na kitimoto kwenye futari.

Pilau nayo ina kesi yake. Wayahudi wenye asili ya Ulaya ya Kati na Mashariki, Waashkenazi, kwa karne nyingi hawakula mchele, mahindi, maharage wala dengu wakati wa Pasaka, ingawa vitu hivyo si mkate. Wengi wa wale wenye asili ya Hispania, Afrika Kaskazini na Mashariki ya Kati wali wanakula bila wasiwasi. Mwaka 2015 kamati ya sheria za dini ya tawi la Conservative huko Marekani iliwaruhusu wafuasi wake kula vitu hivyo, lakini bibi aliyekua bila kuona wali kwenye Pasaka hatabadilika kwa sababu kamati imepiga kura. Kwa hiyo usiku huo usitarajie ugali, usitarajie maharage, na pilau usiipike mpaka umeuliza.

Umuulize nani? Huyo mchumba wako anayesema usijali. Mwambie Dada amelikataa jibu hilo. Wanaume waliokulia ndani ya jambo huona kila mtu analijua, na mgeni ndiye anayelipa gharama. Mkalishe chini akujibu mambo matatu tu. Je, nyumba ya bibi inashika kosheri, yaani sheria za chakula, na kwa ukali gani? Wali unaliwa au hauliwi? Na usiku wa sikukuu simu, gari na swichi za umeme vinatumika, au vinaachwa mpaka sikukuu itoke? Majibu hayo matatu ndiyo yatakayoamua karibu kila kitu kingine. Familia za Kiyahudi za Marekani hazifanani. Iko ambayo inasoma kila neno kwa Kiebrania mpaka saa saba za usiku, na iko ambayo inasoma nusu saa kwa Kiingereza, inacheka, inakula, inalala. Zote zinaiita Pasaka, na zote zitashangaa ukifikiri nyingine ndiyo ya kweli.

Sasa jikoni. Najua kinachokusumbua hapo, na si pilau. Kwetu mkaza mwana mpya anapimwa kwa mikono. Anafika, anavua viatu, anafunga khanga kiunoni, anaingia jikoni bila kuambiwa, na mdomo anaufunga. Akikaa sebuleni na wageni, mawifi watamsema mpaka arobaini ya mtoto wake wa tatu. Meza unayoiendea ina kipimo kingine kabisa. Katika nyumba inayoshika kosheri, vyombo vya nyama na vya maziwa havichanganywi, wengine wana hata masinki mawili, na kwa Pasaka hutoa vyombo vingine tofauti na vya mwaka mzima. Kijiko kimoja ulichokitia kwenye sinki lisilo lake, kwa nia njema kabisa, kinaweza kumpa mama mkwe kazi ya siku nzima. Kwa hiyo usioshe kitu bila kuulizwa, na usifungue jokofu lao kutafuta maziwa.

Omba kazi ambayo haiharibu kitu. Kupanga viti, kukunja vitambaa, kusambaza vibakuli vya maji ya chumvi, kuwashika watoto wasiruke juu ya makochi. Mwisho wa chakula uliza, "Niviweke wapi?" Swali hilo litakupa sifa kuliko sahani arobaini ulizoosha. Na ukiambiwa kaa, kaa. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Nje ya Israeli chakula hiki kwa kawaida hufanywa usiku wa kwanza na wa pili wa sikukuu, kwa hiyo bado uko ndani ya siku zako.

Lile la kufunga mdomo ndilo nataka uliache kabisa Philadelphia ukienda kwa bibi. Chakula hiki, ambacho wao hukiita Sederi, kimejengwa juu ya maswali. Si kwamba maswali yanavumiliwa. Bila swali Sederi haianzi. Mtoto mdogo kuliko wote mezani anasimama na kuuliza, kwa wimbo, kwa nini usiku huu ni tofauti na usiku mwingine wote: kwa nini leo mkate usiochacha, kwa nini majani machungu, kwa nini tunachovya mara mbili, kwa nini tunakaa tumeegemea. Jibu la hayo ndilo linalokula saa zote hizo ulizoambiwa. Wakati mwingine mtu mzima hufanya kituko makusudi, anaondoa sahani kabla watu hawajala, ili watoto washangae waulize. Na kitabu chao cha usiku huo, Hagada, kinasimulia watoto wanne wa aina nne: mwenye hekima, mwovu, wa kawaida, na yule asiyejua hata kuuliza. Huyo wa nne hafukuzwi wala hachekwi. Mzazi anaagizwa amwanzishie mazungumzo. Ukiona hujui pa kuanzia, jua kwamba kiti chako kimo ndani ya kitabu tangu zamani.

Mkwe anayekaa kimya usiku huo, kwa heshima zake zote za Kibondei, ataonekana amechoka au amechukia. Shangazi atamnong'oneza mchumba wako, "Hajisikii vizuri?" Basi uliza. Uliza kwa nini yai limechomwa, kwa nini glasi moja imejaa na haina mwenyewe, uliza bibi alikula Pasaka yake ya utotoni wapi. Hilo la mwisho liweke akiba, ulitoe supu ikifika. Wazee wanalisubiri.

Nikupitishe jioni yenyewe usije ukashtuka njiani. Kwanza, kula kitu nyumbani kwako mnamo saa kumi, viazi au ndizi na yai. Mwezi wa nne huko jua linazama karibu saa mbili kasorobo, na nyumba inayofuata sheria inaanza giza likishaingia. Kati ya baraka ya kwanza na supu kuna kusoma kwingi, na utakachopata katikati ni jani la kijani lililochovywa kwenye maji ya chumvi, ambayo ni machozi ya watumwa, na baadaye kipande cha matza. Matza ni mkate bapa, mkavu, wa unga na maji tu, ambao tangu maji yaguse unga mpaka uive hautakiwi kuzidi dakika 18. Ladha yake utaizoea. Tumbo lako huenda lisiizoee, maana matza ya siku nyingi hufunga choo, na hakuna atakayekuambia ila mimi. Kunywa maji.

Katikati ya meza kutakuwa na sahani ya alama. Kuna mfupa wa kondoo uliochomwa, yai lililochomwa, majani, mzizi mkali uliokunwa unaopanda puani mpaka machozi yatoke, na haroseti, mchanganyiko wa matufaha, njugu, mdalasini na mvinyo ambao unawakilisha udongo wa matofali waliyofyatua utumwani. Mfupa usiuguse, si kitoweo. Huo mzizi utaula kidogo, kwanza ukiwa umeguswa haroseti, kisha ukibanwa katikati ya vipande vya matza. Bano hilo linahusishwa na Hileli, mwalimu aliyeishi Yerusalemu hekalu lao likiwa bado limesimama. Kwangu mimi ndilo tonge tamu kuliko yote usiku huo, uchungu na utamu vinapambana mdomoni na utamu unashinda kwa pua tu. Wenye asili ya Kiashkenazi hutengeneza haroseti ya matufaha. Wengine huitengeneza kwa tende, na ya tende itakukumbusha nyumbani zaidi.

Katika nyumba nyingine utaona chungwa kwenye sahani hiyo. Wewe mtoto wa Muheza, ambako machungwa hupangwa mafungu barabarani, usidhani wamekuwekea wewe. Aliyelianzisha ni msomi Susannah Heschel, miaka ya 1980, akiliweka kama alama ya wapenzi wa jinsia moja na wote waliosukumwa pembezoni mwa jamii ya Kiyahudi. Kuna hadithi nyingine inayosimuliwa sana, ya mzee aliyesema mwanamke hafai kusimama mbele ya sinagogi kama vile chungwa lisivyofaa kwenye sahani ya Sederi. Heschel mwenyewe amesema haikuwa hivyo. Ukimsikia mjomba anaisimulia, muache amalize.

Hagada itazungushwa, kila mtu asome aya. Ikifika kwako usikatae. Soma kwa Kiingereza chako hichohicho, polepole. Kitabu kinafunguliwa kutoka kulia kwenda kushoto kama msahafu, kwa hiyo usikishike kichwa chini ukaanza mwishoni. Wamarekani wengi wana toleo la kampuni ya kahawa ya Maxwell House, lililotolewa mara ya kwanza mwaka 1932 na kugawiwa bure madukani, na hata leo utalikuta na madoa ya mvinyo ya babu waliokwisha kufa. Kampuni ilitaka Wayahudi wajue kwamba kahawa si jamii ya maharage na inanyweka wakati wa Pasaka. Jambo jingine litakalokushangaza wewe uliyesoma shule ya Jumapili: utamtafuta Musa usimpate. Katika Hagada ya kawaida karibu hatajwi kabisa. Sifa zote anapewa Mungu.

Wakifika kwenye mapigo kumi, kila mtu anatoa tone la mvinyo kwa kidole kila pigo linapotajwa, analiweka pembeni ya sahani. Maana yake ni kwamba furaha haijai glasi wakati wengine, hata adui, walikufa. Kidole usikilambe.

Kuna mahali pamoja tu ambapo kimya chako cha Kibondei kitafaa. Kabla ya chakula watu hunawa mikono mara ya pili kwa baraka, na katika nyumba nyingi baada ya kunawa hakuna anayesema neno mpaka matza imebarikiwa na kuonjwa. Utaona watu waliokuwa wanapiga kelele wote wamekuwa mabubu, wanaonyeshana kwa mikono. Hujakosea kitu. Nyamaza nao.

Baada ya hapo ndipo chakula chenyewe. Mara nyingi kwa Waashkenazi huanza yai kwenye maji ya chumvi, kisha samaki, kisha supu ya kuku yenye madonge ya unga wa matza, kisha kifua cha ng'ombe kilichookwa taratibu kwa saa nyingi mpaka kinakatika kwa uma. Nikuandae kuhusu samaki. Anasagwa, anafinyangwa madonge, anachemshwa, analiwa wa baridi, juu amewekewa kipande cha karoti, na kwa baadhi ya familia ana sukari. Mtu wa Tanga aliyezoea changu wa kukaanga anaweza kuona ameonewa. Chukua dogo, weka mzizi mkali mwingi juu, meza. Kuhusu madonge ya supu, familia nyingi zina ugomvi wa kudumu: yawe mepesi yaelee au mazito yazame. Ukiulizwa upande wako, sema unaomba la pili ndipo uamue.

Nyama ikishaliwa, usiombe chai ya maziwa. Najua, baada ya chakula kama hicho roho ya Mtanzania inataka chai. Lakini katika nyumba ya kosheri maziwa hayaji juu ya nyama mpaka saa kadhaa zipite. Omba kahawa nyeusi au chai ya rangi.

Mvinyo. Glasi nne kila mtu kwa usiku mzima, zina mahali pake ndani ya kitabu, na hakuna anayekulazimisha kumaliza. Juisi ya zabibu inakubalika na karibu kila meza inayo. Hili nawaambia pia wasomaji wangu Waislamu wanaowahudumia wazee wa Kiyahudi na kualikwa mezani na familia: sema mapema kwamba hunywi, utawekewa chupa yako. Nguruwe hatakuwepo, hilo usiwe na hofu nalo. Jirani yako mezani akikumiminia, nawe mmiminie, ila katika nyumba inayoshika kosheri kwa ukali uliza kabla ya kushika chupa ya mvinyo; ni adabu ya usiku ule kwamba mtu asijihudumie, kwa sababu leo wote ni watu huru.

Watoto wana mchezo wao. Kipande cha matza kiitwacho afikomani kinafichwa, wanakitafuta, na chakula hakiwezi kufungwa bila hicho kuliwa, kwa hiyo wanamdai mwenye nyumba zawadi ndipo wakitoe. Ukiona kilipofichwa usiseme, hata wakikubembeleza. Hapo ndipo utakapopata marafiki wako wa kwanza katika ukoo ule. Mwishoni mlango wa nje unafunguliwa kwa ajili ya nabii Eliya, ambaye ile glasi isiyo na mwenyewe ni yake. Kisha nyimbo. Utaona wazee waliokuwa wanasinzia wakipiga meza.

Nimekuambia usiende na sufuria. Sasa nikuambie uende na nini. Hagada inamtaka kila mtu, katika kila kizazi, ajione yeye mwenyewe ndiye aliyetoka Misri, na meza nyingi huomba wageni waseme habari za ukombozi wanazozijua. Wewe unatoka Tanzania na unayo moja ambayo sidhani kama wataisikia kwa mtu mwingine. Idi Amin alipokuwa anatawala Uganda alipiga marufuku dini ya Kiyahudi, na karibu na Mbale ilikuwepo, na bado ipo, jamii ya Wayahudi Waafrika, Abayudaya, iliyoanzishwa na Semei Kakungulu mwaka 1919. Walisali kwa kificho. Kisha, katika Vita vya Kagera, majeshi ya Tanzania pamoja na wapiganaji wa Uganda yalimwangusha Amin na kuiteka Kampala tarehe 11 Aprili 1979. Fungua kalenda ya Kiyahudi ya mwaka ule: jioni ya siku hiyohiyo ilikuwa usiku wa kwanza wa Pasaka. Kama una babu au mjomba aliyekwenda Vita vya Kagera, mpigie simu kabla ya sikukuu, akupe neno moja la safari ile, ulipeleke mezani. Hakuna zawadi ya dukani itakayofika hapo.

Wala usijione wa kwanza wa rangi yako kukaa kwenye Sederi ya Pennsylvania. Mwaka 2008 vijana wa kampeni ya Barack Obama walikwama Harrisburg, katika jimbo hilohilo lako, usiku wa Pasaka, wakafanya Sederi yao kwenye chumba cha chini cha hoteli, na mgombea mwenyewe, mtoto wa Mjaluo wa Siaya, akaja kukaa nao. Aliwaahidi kwamba wakishinda watafanya Ikulu, na kuanzia 2009 wakafanya kila mwaka wa utawala wake.

Kuna mambo mawili ya ulimi. La kwanza, wewe ni Mkristo, na Pasaka kwako ni ufufuko. Usimtakie mtu heri ya kufufuka, na usianze kuwaeleza kwamba mwanakondoo wao alikuwa anamwakilisha Yesu. Unaweza kuliamini hilo moyoni. Mezani kwao ni kumwambia mwenye nyumba kwamba nyumba si yake. Waambie "Khag sameakh", sikukuu njema, hiyo kh uitamke kama kwenye Khamisi, na hapo mtoto wa Tanga unawashinda Wamarekani wengi. La pili, habari za Israeli na Gaza huenda zikafika mezani. Ndani ya familia hizi watu wenyewe hawakubaliani, na mara nyingine binamu wawili wameshaacha kupigiana simu kwa ajili hiyo. Hii ni Sederi yako ya kwanza. Sikiliza, usichague upande wa ndugu dhidi ya ndugu, na mchumba wako umuulize mkiwa kwenye gari.

Kuhusu majina utapata shida, nakwambia. Hakuna shikamoo kule, na mama mkwe huenda akakuambia umwite kwa jina lake la kwanza, jambo ambalo Muheza lingeitisha kikao. Akikuambia hivyo, mwite hivyo. Ukikwepa atadhani humtaki. Bibi subiri akuambie mwenyewe aitwe nani. Katika nyumba ya watu wa dini sana mwanamume anaweza asikupe mkono. Tikisa kichwa, tabasamu, usijisikie umedharauliwa, ndiyo sheria yake kwa kila mwanamke asiye wake. Nguo ni rahisi: gauni la kitenge lenye heshima, magoti yafunikwe, na mikono isiwe mipana ya kuzoa vikombe vinne vya mvinyo. Picha za kumtumia mama Muheza zipige kabla jua halijazama, kisha simu iingie kwenye mkoba mpaka ujue nyumba hiyo ina msimamo gani.

Mkononi shika maua, uyafikishe kabla sikukuu haijaingia, au matunda mazima, ambayo hayana shida ya kosheri, au chupa na chokoleti zilizofungwa zenye alama ya kosheri ya Pasaka, maana alama ya kosheri ya kawaida haitoshi. Na kama mikono yako inawasha kupika, ipo njia moja. Vitu vitamu vya Pasaka havina unga, na wao wanapenda sana vibiskuti vya nazi. Kashata za nazi nazo ni nazi, sukari na iliki tu, unga hazijui. Lakini usizipikie kwako. Mpigie mama mkwe, muulize kama unaweza kuja siku moja kabla uzipike jikoni kwake, kwa sufuria zake za Pasaka, sukari na iliki azinunue yeye mwenyewe kwa kufuata sheria zao. Akikataa hujapoteza kitu, umeuliza. Akikubali, mtakuwa wawili jikoni saa nzima bila ukoo mzima kuwatazama, mkitoa jasho juu ya sufuria moja, na utamjua huyo mama kuliko vikao vitatu vya posa.

Usiku wa kwanza wa Pasaka yao mwaka 2027 ni Jumatano tarehe 21 Aprili, karibu mwezi mzima baada ya Pasaka yetu ya tarehe 28 Machi. Nazi nzuri Philadelphia hazipatikani kila duka, kwa hiyo simu ya mama mkwe usiisubirishe mpaka wiki ya mwisho. Na wale wengine mliooa au kuolewa katika nyumba za dini nyingine, Wahindu wa Nairobi, Waorthodoksi wa Addis, niandikieni mlivyopokewa mezani, nitawajibu humu humu.